Klabu za taarab Zanzibar: mwaka mzima jukwaani, mshahara hakuna

Klabu ya taarab Zanzibar haifungui mwaka wake Januari. Huufungua Mfungo Mosi, mwezi unaoandama Ramadhani inapokwisha, kwa hesabu ile ile ambayo wazee wa pwani huhesabia miezi yao. Kazi ya kwanza ni ya Idi. Nyimbo mpya zilizofanyiwa mazoezi kabla ya mfungo hutolewa mbele ya watu kwa mara ya kwanza, viti hujaa, na kabla Idi haijapoa wenye harusi wameshaanza kubisha hodi wakitaka tarehe.

Mfanyabiashara anayevusha mzigo kati ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja anaijua kalenda hiyo hata kama hajawahi kushika udi. Wiki ambazo kanga za harusi, mabaibui, vyombo vya ndani na mchele hutoka kwa kasi ndizo wiki ambazo klabu hukosa usingizi. Tofauti ni kwamba mwenye duka akifunga hesabu jioni anajua amebakiwa na nini. Mpiga fidla wa klabu, baada ya kupiga hadi usiku wa manane, hurudi nyumbani na nauli na pengine kidogo cha juu yake, na asubuhi huingia kazini kama watu wengine: bandarini, darasani, ofisi ya serikali au karakana ya useremala.

Klabu hizi ni za ridhaa. Neno hilo lisimdanganye mtu akadhani ni muziki wa kubahatisha. Mtu hujifunza fidla au kanuni kwa miaka kabla ya kukaa safu ya mbele, na mazoezi ni jioni baada ya jioni. Ridhaa maana yake ni kwamba hakuna anayelipwa mshahara. Wanachama wana katibu, mweka hazina na daftari, na ala ni mali ya klabu. Anayeondoka huondoka na ujuzi wake. Kinanda na besi hubaki.

Kongwe kuliko zote ni Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905 na vijana wa Mji Mkongwe wakati taarab bado ilikuwa na harufu ya ikulu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim mjini Cairo akajifunze kanuni, na aliporudi akawafundisha wengine. Vijana wa Ikhwani waliutoa muziki huo nje ya kasri wakaufanya wa klabu. Ya pili, ambayo kwa muda mrefu imekuwa na shughuli nyingi zaidi, ni Mila na Utamaduni, inayojulikana zaidi kwa jina la Culture Musical Club. Ilianza mwaka 1958 ikiitwa Shime Kuokoana, ndani ya umoja wa vijana wa Afro-Shirazi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawekwa chini ya wizara iliyosimamia utamaduni. Makao yake ni Vuga.

Jukwaa la klabu likitimia huwa na watu 25 au zaidi. Mbele wanakaa wapiga kanuni, udi na nai, kisha safu ya fidla, kodiani moja au mbili, besi kubwa ya kusimama, dumbak, bongo na rika. Nyuma au pembeni ni waitikiaji, na wengi wao ni wanawake. Idadi hiyo ikae kichwani, kwa kuwa ndiyo inayoamua mengi katika mwaka wa klabu, na inauma zaidi pale safari inapofika mpakani.

Kazi za mwaka

Katika Mfungo Mosi na Mfungo Pili harusi huwa nyingi. Mfungo Tatu huleta Idi ya pili na shughuli nyingine kubwa. Kisha mambo hupungua, na klabu hupata nafasi ya kurekebisha ala na kuwafundisha wageni. Mwezi wa Maulidi, Mfungo Sita, una sauti zake nyingine kabisa. Baadhi ya wapigaji na waimbaji huonekana humo pia, lakini si kwa taarab.

Juu ya kalenda hiyo ya mwezi kuna ile ya serikali na ya wageni. Tarehe 12 Januari ni Mapinduzi, na klabu huitwa kwenye sherehe. Februari ni Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 na ambalo jukwaa lake kubwa limekuwa Ngome Kongwe. Limefanyika karibu kila mwaka. 2016 lilikosekana kwa sababu ya fedha. Katikati ya mwaka huja tamasha la filamu la nchi za majahazi, ZIFF, ambalo tangu 1998 limekuwa na muziki pia. Desemba shule zimefungwa, ndugu wa Uarabuni na Ulaya wamerudi, na harusi ambazo familia zilikuwa zikiwangoja ndipo hufanyika.

Harusi ndiyo inayolisha mfuko wa klabu. Mwenye shughuli hulipa kiasi walichopatana, halafu kuna tuzo. Mgeni aliyezoea bendi za dansi huenda asielewe kinachotokea: mwanamke anasimama katikati ya ubeti, anacheza polepole hadi jukwaani akiwa ameinua noti, anamtunza mwimbaji na kurudi kwenye kiti chake. Hatunzi sauti peke yake. Ubeti umesema jambo lake, pengine dhidi ya mtu aliyekaa safu ya tatu, naye ametia sahihi hadharani. Ndiyo maana klabu huchagua kwa uangalifu wimbo wa kupiga na wakati wa kuupiga. Wimbo usiomgusa mtu hauleti noti.

Miezi ikipita, fedha hizo hugawanyika: nyuzi, spika, usafiri, sare za waimbaji, msiba wa mwanachama. Kanuni moja tu ina nyuzi zaidi ya 70, na hakuna duka la mtaani linalouza nyuzi zake kama linavyouza betri. Huagizwa, au huletwa na mtu anayesafiri. Kodiani ikiharibika mwanzi mmoja hutafutwa fundi ambaye pengine yuko ng'ambo ya bahari.

Kazi za pembeni

Kwa kuwa klabu haimlishi mtu, kila mpigaji mzuri ana shughuli ya pili ya muziki mbali na ajira yake. Iliyo ya zamani kuliko zote ni kidumbak.

Kidumbak ni taarab ya watu wachache na mfuko mdogo. Kinataka fidla moja, ngoma mbili ndogo za udongo, cherewa, mkwasa, na sanduku, yaani besi iliyotengenezwa kwa sanduku la chai, fimbo na uzi mmoja. (Mabohora wa chai wa zamani hawakujua kwamba makasha yao yangeishia kupiga muziki.) Mapigo yake ni ya kasi, maneno ni makali, na wachezaji hawakai. Harusi ya Ng'ambo isiyoweza kulipia watu 25 hulipia watano au sita, na mara nyingi watano hao ni wale wale waliokuwa Vuga juzi wakipiga bashrafu kwa adabu. Mwimbaji na mpigaji Makame Faki, aliyepewa jina la Sauti ya Zege, alijulikana pande zote mbili. Mwaka 1997 kidumbak cha watu wa Culture kilitoa santuri Ujerumani kwa jina la Kidumbak Kalcha. Jina lenyewe linaeleza uhusiano: Kalcha ni Culture ikitamkwa kwa ulimi wa mtaani.

Ya pili ni hoteli. Wageni wanaokula chakula cha jioni Mji Mkongwe au pwani hawahitaji okestra nzima. Udi, kanuni, dumbak na sauti moja vinatosha. Malipo huwa ya kila wiki na hayategemei tuzo, na kwa wapigaji wengi hayo ndiyo mapato ya muziki wanayoweza kuyapangia kodi ya nyumba. Wazee wa klabu wamekuwa wakilalamika kuwa vijana wanakosa mazoezi kwa ajili ya hoteli. Malalamiko hayo yana haki, lakini bila hoteli baadhi ya vijana hao wangekuwa wameshaiuza ala.

Ya tatu ni kuanzisha kikundi chako bila kuihama klabu. Rajab Suleiman, mpiga kanuni wa Culture, alikusanya wenzake wachache akaunda Kithara, na mwaka 2014 wakatoa albamu ya Chungu katika mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa. Kikundi kidogo kilimwezesha kufanya lisilowezekana katika okestra kubwa: kuiweka kanuni mbele, kuingiza mapigo ya ngoma za vijijini, na kusafiri kwa gharama ya watu wachache.

Kumefunguka mlango wa nne pia, nao ni kufundisha. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanza kufundisha mwaka 2002, kwa miaka mingi kilikuwa katika Jumba la Forodha la zamani, Mizingani. Mahali ambapo karani alihesabu magunia ya karafuu, watoto walihesabu mapigo ya rika. Wazee wa klabu wakawa walimu, na wanafunzi wao wakaunda vikundi vipya, mojawapo kikiwa Siti and the Band. Mwaka 2009 Maryam Hamdan alianzisha Tausi, okestra ya taarab ya wanawake watupu, katika mji ambao wanawake walikuwa wameimba kwa miongo mingi huku ala zikishikwa na wanaume. Chuo chenyewe hakikuwa salama: mwaka 2019 kilitangaza kuwa kiko hatarini kufunga kwa kukosa fedha.

Nyimbo zilivuka mapema

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Hakukuwa na mahali pa kurekodi karibu zaidi. Sahani zilirudi kwa meli zikauzwa Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na bara, na hesabu inayotajwa sana ni kwamba hadi 1931 zilikuwa zimeuzwa zipatazo 72,000. Kwa Afrika Mashariki ya wakati huo, ambamo gramafoni ilikuwa kitu cha nyumba moja mtaani, hiyo ilikuwa bidhaa ya kuvuka mipaka iliyotembea kuliko nyingi.

Baadaye kazi ya kurekodi ikahamia Kenya. Mombasa ilikuwa na Assanand na Wanawe, wenye lebo ya Mzuri, na vikundi vya Tanganyika, vya taarab na vya dansi, vilirekodi kwao. Black Star ya Tanga, ambamo Shakila alijijengea jina, ilikuwa mojawapo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani. Muziki wake ulirekodiwa redioni au ng'ambo ya mpaka na kurudi kama bidhaa kutoka nje. Kaseti ilipokuja, kazi ya kusambaza ilihamia kwa maduka ya redio na kwa wasafiri. Mkoba wa mfanyabiashara uliobeba vitenge ulibeba na kaseti kumi za taarab, na aliyezinakili hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wazungu wenye mashine nzuri walifika wenyewe. GlobeStyle ya London ilirekodi Ikhwani Safaa na Culture, kila kimoja kikapata santuri yake. Culture ikaendelea: Spices of Zanzibar mwaka 1996 na kampuni ya Network ya Ujerumani, Bashraf mwaka 2000, Waridi mwaka 2003, Shime mwaka 2009. Ikhwani walipotimiza miaka 100, mfululizo wa Zanzibara ulifunguliwa nao mwaka 2005. Milango ya Ulaya ilifunguka kwa ziara, na wapigaji waliokuwa wakiomba ruhusa ya nusu siku kazini wakaanza kuomba ya wiki tatu.

Faida ilikuwepo. Jina lilikua, na ziara zilileta fedha ambazo harusi hazingeleta. Lakini ukitazama orodha hiyo kwa jicho la mfanyabiashara utaona jambo: Bombay, Mombasa, London, Ujerumani, Ufaransa. Kwa karibu miaka 100 taarab ya Zanzibar imeuzwa kwa jumla na mtu mwingine, mahali pengine. Klabu ilitoa mali ghafi, kama karafuu.

Hesabu ya watu 25

Linalouma leo si Ulaya. Ni Mombasa, Malindi, Lamu, Tanga, na harusi za Waswahili wa Nairobi. Huko ndiko wako watu wanaoelewa kila neno la ubeti na wanaojua wakati wa kusimama na noti.

Safari ya kutoka Unguja kwenda Mombasa kwa harusi ya siku mbili ni hivi. Watu 25 wanapanda boti hadi Dar es Salaam, wanachukua basi hadi Tanga, kisha Horohoro. Kituo cha pamoja cha Horohoro na Lungalunga kimepunguza foleni, na wanaopita hapo kila wiki wanajua tofauti. Lakini kila mtu anahitaji pasi ya kusafiria au hati ya muda, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano inaweza kuulizwa. Kila mtu ana mwajiri aliyempa ruhusa au aliyemnyima. Besi kubwa haingii chini ya kiti. Kanuni haiwekwi juu ya basi kwenye jua. Na kila ala ina bei ambayo afisa wa forodha anaweza kuiuliza.

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kitu kuingizwa kwa muda bila ushuru, mradi kitoke kama kilivyoingia. Klabu iliyojipanga hutengeneza orodha ya ala, na alama ya kila moja, ikagongwa muhuri wakati wa kuingia na kuonyeshwa wakati wa kutoka. Klabu isiyojipanga hubishana usiku mbele ya kaunta, na atakayeshindwa anajulikana.

Ala zina njia. Kazi yenyewe ndiyo haina. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ikaahidi watu, bidhaa, kazi na huduma kupita kwa uhuru. Katika huduma, nchi ziliweka ahadi zao kwenye sekta saba: za kibiashara na kitaaluma, mawasiliano, usambazaji wa bidhaa, elimu, fedha, utalii na uchukuzi. Burudani haikuwamo. Mhasibu alitajwa, mwongoza watalii alitajwa, mpiga udi hakutajwa. Mwanachama wa klabu anaweza kuvuka kama mgeni wa harusi bila tatizo, lakini akipiga kwa malipo anaingia kwenye masuala ya kibali, na jibu hutegemea nchi aliyoingia na aliyekaa kwenye kaunta.

Mwanamke anayevusha mahindi au samaki wakavu wenye thamani isiyozidi dola 2,000 ana cheti rahisi cha asili ya bidhaa, karatasi inayojazwa pale pale mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Haikuja yenyewe, wafanyabiashara wadogo waliipigania. Kwa kikundi cha muziki cha ridhaa hakuna karatasi ya namna hiyo, na si kwamba jambo hilo ni gumu kuliko mahindi.

Serikali inapoalika, mambo hunyooka. Tamasha la utamaduni la Jumuiya, JAMAFEST, limefanyika Kigali 2013, Nairobi 2015, Kampala 2017, Dar es Salaam 2019 na Bujumbura 2022. Vikundi vya nchi wanachama huvuka kwa ujumbe rasmi, mabasi yakiwa na barua. Ni jambo jema, lakini ni wiki moja, na miaka mingine hakuna. Harusi ni za kila wiki, na harusi haitoi barua.

Kibodi hupita kwa urahisi

Ndipo inapoingia hesabu nyingine, ambayo wapenzi wa taarab asilia wanapoizungumza huilaumu ladha ya vijana na kusahau nauli.

Miaka ya 1990 Dar es Salaam ilishuhudia mvutano wa TOT na Muungano, mipasho ikirushwa kutoka jukwaa hadi jukwaa, na East African Melody ikapendwa hadi Kenya. Taarab ya kisasa ilitumia kibodi, gitaa la umeme na mashine ya mapigo. Ilikuwa na wafadhili, ilikuwa na mishahara. Khadija Kopa, ambaye Zanzibar iliisikia sauti yake akiwa na Culture, alihamia Dar es Salaam na TOT na kuwa malkia wa mipasho. Klabu ya ridhaa haikuwa na cha kumzuia. Ukimwuliza mtu aache ajira kwa ajili ya sauti yake, lazima uwe na bahasha mwisho wa mwezi.

Maelezo ya kawaida ni kwamba watu walichoka na bashrafu ndefu na mashairi ya mafumbo. Yako kweli kiasi. Lakini kibodi moja ndani ya begi moja huchukua nafasi ya kanuni, nai, kodiani na fidla sita, na pamoja nazo pasi tisa za kusafiria. Mwenye harusi wa Mombasa aliyeomba bei kwa klabu ya watu 25 na kwa kikundi cha kisasa cha watu wanane haamui kwa masikio tu. Gharama ya kuvuka inaupogoa muziki kabla haujafika jukwaani: kwanza waitikiaji wanabaki nyumbani, kisha besi, kisha nai kwa kuwa mpigaji wake ni mmoja na mwajiri wake hakumruhusu. Kinachofika Mombasa ni mifupa ya klabu. Watazamaji wanasikia mifupa hiyo, na mwaka unaofuata wanaagiza kibodi.

Kithara ya watu wachache na kidumbak cha watano, ukivitazama hivyo, ni jibu la watu wanaojua kupiga hesabu. Haviondoi tatizo la okestra nzima, kwa kuwa mpiga fidla wa nne hujifunza kwa kukaa nyuma ya wa kwanza, na katika kikundi cha watu watano hakuna kiti cha nyuma.

Wimbo ni wa nani

Kuna fedha ambazo hazihitaji basi. Wimbo ukichezwa redioni Mombasa, ukipigwa hotelini Kampala au ukisikilizwa kwenye simu Nairobi, sheria zote zinakubali kwamba mwenye nao anastahili malipo. Lakini sheria ni nyingi. Kenya ina ya hakimiliki ya 2001, Uganda ya 2006, Tanzania Bara ya 1999. Zanzibar ina yake, ya 2003, na chombo chake, COSOZA, tofauti na COSOTA ya Bara. Wafanyabiashara wa Unguja, waliozoea kueleza mzigo wao mara mbili ndani ya nchi moja, hawatashangaa.

Ugumu wa klabu uko kabla ya ofisi hizo. Wimbo wa taarab una mwenye shairi, mwenye kuutia muziki na mwenye kuuimba, na kwa desturi za klabu ukishatolewa huwa wa klabu. Mtunzi wa shairi mara nyingi alikuwa mpenzi wa klabu aliyeleta karatasi iliyokunjwa, pengine bila kutaka jina lake litajwe kwa sababu ya yaliyomo. Miaka 40 baadaye wimbo unapigwa na vikundi vitatu, mmoja ameurekodi upya kwa kibodi na kujiandika mtunzi, na klabu inayoujua ukweli haina hata karatasi ile iliyokunjwa. Katika ushindani wa hakimiliki aliyesajili kwanza huwa na kauli, hata kama kila bibi wa Ng'ambo anajua wimbo ulikotoka.

Kazi hii haihitaji mfadhili wa kutoka nje. Inahitaji daftari: jina la wimbo, mwaka uliotolewa, mwenye shairi, mwenye muziki, aliyeimba kwanza, waliokuwepo. Wazee wanaokumbuka nyimbo za miaka ya 1960 na 1970 hawaongezeki. Bi Kidude, aliyeimba na Culture na kuzunguka naye dunia, alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na mengi aliyoyajua kuhusu nani aliimba nini na lini yaliondoka naye.

Tarehe za mbele

Mwisho wa mwaka wa klabu ni Shaabani. Watu wanavunja jungu, harusi ambazo hazitaki kungoja zaidi zinajazana katika wiki za mwisho, na klabu inaweza kuwa na kazi mbili usiku mmoja, okestra upande huu na kidumbak upande ule, wapigaji wakigawana fidla. Kisha mwezi wa Ramadhani unaandama, ala zinafunikwa.

Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua, na makatibu wa klabu wanalazimika kuitazama mbali kuliko watu wengine. Kati ya 2027 na 2029 mfungo utaangukia kati ya Januari na Machi, miezi ambayo hoteli hujaa na ambayo kwa desturi ndiyo ya Busara. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikiingia mwanzoni mwa Januari na nyingine siku za mwisho za Desemba. Hivyo Desemba ya 2029 yote, ukitoa siku chache za mwanzo, itakuwa Shaabani: likizo za shule, ndugu waliorudi kutoka Uarabuni, wageni wa hoteli na harusi za kuvunja jungu, vyote ndani ya wiki nne zile zile. Mwenye harusi wa Mombasa anayetaka kanuni, nai, besi na waitikiaji wote mwezi huo, badala ya kibodi, aanze kuulizia tarehe mapema, na aulizie pia nani atalipia basi.